Amri Yenye Kistari Mbele

Kasese, Jumapili alasiri

Masika wangu,

Wewe na baba yako mmekwenda Karusandara kumuaga nyanya, na kwa mvua hii hamtarudi mapema. Nimefunga duka la mbegu, nimekaa kwenye meza yako, naandika kwa kalamu yako ya shule. Barua hii baba yako ataisoma kwanza, nimemwahidi. Kisha nitaitia kwenye begi la kompyuta, mfuko wa nyuma, ambao najua hutaufungua mpaka ufike Kampala na kutafuta waya wa chaji. Nataka uisome ukiwa mbali nami. Ukitaka kunikasirikia, unikasirikie bila kulazimika kunificha uso.

Mambo ya chakula, ya chumba, ya marafiki, shangazi zako wameyasema wiki nzima mpaka umeanza kuitikia kabla hawajamaliza. Sina la kuongeza.

Nataka kurudi kwenye siku ya Alhamisi. Ulikuja jikoni na kompyuta imefunguka mkononi, ukasema, "Mama, kuja uone kitu." Ulikuwa umemaliza ile kazi ya majaribio waliyokupa huko unakokwenda kuajiriwa. Orodha ya wagonjwa ilikuwa inachelewa kufunguka, ukachimba ndani ya maktaba ya msimbo uliyotumia, ukakuta amri moja yenye kistari mbele ya jina. Ukaiita moja kwa moja, na orodha ikafunguka papo hapo. "Walikuwa wameificha," ukasema, "lakini nimeipata!" Ukacheka. Uso wako ulikuwa mzuri sana. Mimi nikakuambia nakwenda kuepua maharage, na maharage tulikuwa tumeshayala.

Baadaye nilikusikia ukimuuliza baba yako, "Mama amekasirika?" Akakujibu, "Muulize mwenyewe." Hukuuliza. Sasa nakujibu.

Ulikua ukiambiwa kwamba niliacha kuandika programu kwa sababu ya macho. Macho yangu hayana neno, Masika. Naweza kusoma maandishi ya pakiti ya mbegu bila miwani. Niliacha kwa sababu ya amri yenye kistari mbele.

Haya yafuatayo unayajua, lakini nitayasema polepole kwa ajili ya baba yako, ambaye miaka yote hii ameibeba habari hii pamoja nami bila kuelewa vizuri ilitokeaje. Maktaba, kama tunavyoiita sisi watu wa kazi hii, ni msimbo ulioandikwa na watu wengine, tunauchukua na kujenga programu zetu juu yake. Ndani yake mna amri za aina mbili. Kuna zile za hadharani, walizoziandikia maelezo, ambazo wameahidi hawatazibadilisha bila kutangaza. Na kuna za matumizi yao wenyewe. Hizo wanaziwekea kistari mbele ya jina ili ujue, na wanaweza kuzigeuza siku yoyote bila kumwambia mtu. Hakuna kufuli. Ukitaka kuziita, zinaitika.

Ulikuwa darasa la tano. Nilikuwa naandika programu za kliniki moja ya mtu binafsi, ambayo jina lake halina haja hapa. Ilikuwa na nyumba mbili. Ya Bwera, karibu na mpaka, ndiko wagonjwa walikotibiwa. Ya hapa Kasese ndiko kulikokuwa na mashine za kupima damu. Chupa zilikuja na gari asubuhi, majibu yalirudi kwa mtandao. Programu ya kuyarudisha ilikuwa yangu peke yangu.

Maabara ilikuwa ya Biira. Humkumbuki, ingawa aliwahi kukubeba mgongoni siku ulipoteguka mguu uani kwetu. Alikuwa msichana wa milimani, hajafika miaka thelathini, mwenye sauti kubwa kuliko mwili wake. Aliimba nyimbo za kwaya akiosha vioo. Kila jibu aliliandika kwanza kwenye kitabu kwa mkono, kisha kwenye kompyuta, na namba za mkono wake zilikuwa safi kama zimepigwa chapa. Aliniita dada.

Jumatano ilikuwa siku ya wajawazito. Zaidi ya nusu yao walikuwa wanawake wa upande wa Kongo, watu wa Beni na Butembo, wengine wakimbizi waliokaa Bwera, wengine wanavuka asubuhi na kurudi kwao kabla mpaka haujafungwa. Walikaa kwenye mabenchi tangu saa moja wakingoja majibu ya damu, na mtandao wa Bwera siku zile ulikuwa unakatika kama uzi mbovu. Amri ya hadharani ya maktaba niliyoitumia ilituma jibu moja, ikangoja Bwera ithibitishe, ndipo ikatuma la pili. Kila jibu lilisafiri na namba ya mgonjwa wake. Ilikuwa salama, na ilikuwa inatutesa. Saa kumi jioni ikifika, wale wa ng'ambo walianza kuinuka mmoja mmoja na kuondoka bila majibu. Mkunga alikuwa ananipigia simu kila Jumatano kunilalamikia.

Basi nikafungua matumbo ya ile maktaba kama ulivyofanya wewe. Nikakuta amri ya ndani iliyotoa majibu yote ya foleni kwa mara moja. Iliyatoa bila namba, lakini yalikuja kwa mpangilio uleule yalivyoingia, na orodha ya namba nilikuwa nayo. Nikalipatia jibu la kwanza namba ya kwanza, la pili namba ya pili, mpaka mwisho. Juu ya amri hiyo wenyewe walikuwa wameandika mistari miwili: kwamba ni ya matumizi yao ya ndani, na kwamba mpangilio wa yanayotoka unaweza kubadilika. Niliisoma, Masika. Usije ukafikiri sikuiona. Niliisoma, nikajiambia kwamba wanaandika hivyo kujikinga tu, nikaendelea.

Jumatano iliyofuata majibu yalikuwa Bwera saa tano asubuhi. Mkunga alinipigia simu akiwa karibu kulia. "Mama Masika, Mungu akubariki! Leo bamama ba Kongo banarudi kwao jua ikingali juu." Nilitembea siku hiyo nimeinua kidevu. Nilikuwa binti wa dereva wa lori la saruji, nimejifunza kompyuta kwa kubahatisha kwenye duka la intaneti, na sasa watu walikuwa wananiombea kwa Mungu kwa jina.

Iliendelea hivyo karibu mwaka. Hilo ndilo jambo ambalo Alhamisi nilitamani kukuambia nikashindwa: kwamba inafanya kazi. Inafanya kazi vizuri, kwa muda mrefu, mpaka unasahau kwamba uliiba njia.

Kisha wenye maktaba wakatoa toleo jipya. Lilikuwa limeziba tundu ambalo wezi wa mtandao wangeweza kupitia, kwa hiyo ilibidi nilichukue. Nilisoma maelezo yao kutoka juu mpaka chini. Hapakuwa na neno lolote kuhusu ile amri, na hapakupaswa kuwa nalo, maana hawakujua kwamba kuna mwanamke Kasese anaitumia. Nikajaribu programu hapa hapa ofisini, kwenye mtandao mzuri wa waya. Majibu yote yalifika mahali pake. Nikaiwasha.

Walichobadilisha kilikuwa kidogo na kilikuwa kizuri. Jibu likikwama kwa sababu ya mtandao, lilipelekwa mwisho wa foleni ili lisizuie mengine. Kwa wale waliotumia amri za hadharani hakukuwa na tofauti, kwa sababu kila jibu lilibeba namba yake. Kwangu ilimaanisha kwamba jibu moja likikwama, yote yaliyo nyuma yake yanasogea nafasi moja mbele, na kila mgonjwa anapewa damu ya jirani yake.

Siku chache baadaye Biira alinipigia kelele kutoka maabara. "Dada! Kuja uone, mzee wa Bwera iko na mimba!"

Nilikwenda mbio. Bwera walikuwa wamempigia simu kuuliza. Kweli, kwenye kompyuta yao mzee mmoja aliyekuwa na homa alikuwa ameandikiwa jibu la mimba, na ameonekana anayo. Tulicheka mpaka Biira akakaa chini. Alisema tumpelekee mzee nguo za mtoto. Nilipomaliza kufuta machozi ya kicheko, nilisahihisha mstari ule mmoja kwa mkono, nikamwambia, "Ni mtandao huo." Sikuuliza mtandao unawezaje kumpa mwanamume mimba. Sikuangalia mistari iliyo juu wala chini yake. Nilikuwa na haraka ya kwenda kukuchukua shuleni.

Nimekaa na kicheko kile miaka yote hii. Ningekuwa nimeangalia mistari miwili tu.

Jumatano iliyofuata wajawazito walikuwa wengi, na wote walikuwa wanapimwa kitu kimoja, wingi wa damu. Jibu la mama mmoja likikaa kwa mwingine, hakuna wa kucheka, maana zote ni namba za aina moja. Namba kumi na nne alikuwa Kavira. Yeye na mumewe Muhindo walikuwa watu wa Butembo, wakimbizi, Wakatoliki wa kanisa moja na baba yako, wanauza vitenge Mpondwe karibu na mpaka. Ilikuwa mimba yake ya tatu. Damu yake ilikuwa sita. Mwenye sita hatumwi nyumbani hata kidogo, anaongezewa damu siku hiyo hiyo. Kompyuta ya Bwera ilisema kumi na mbili. Mkunga akamsifu kwa kula vizuri, akamruhusu. Mwanamke mwingine, namba kumi na tatu, alikimbizwa hospitali kwa damu ya Kavira, akapimwa upya huko, akarudishwa akiwa mzima na amekasirika. Naye alipokuja kulalamika, jambo lilikuwa limekwisha kutokea.

Siku ya nane Kavira alijifungua pale kliniki, mchana. Mtoto wa kike alitoka salama, analia. Mama alitokwa damu, na mkunga ameniapia kwamba haikuwa damu nyingi. Mwanamke mwenye kumi na mbili angelala, angeamka, angeomba uji. Gari lilipofika kumchukua alikuwa amekwisha kufa.

Daktari mwenye kliniki alituita wote ofisini kwake Kasese. Kitabu cha Biira kilikuwa mezani, kimefunguliwa, kinasema sita kwa namba zake zile safi. Kando yake karatasi kutoka Bwera inasema kumi na mbili. Daktari, mtu mpole, alianza na Biira.

"Biira, uliandika sita hapa, ukaandika kumi na mbili kwa kompyuta?"

"Hapana, daktari. Niliandika sita. Kila mahali sita."

Akanigeukia. "Mama Masika, wewe ndiye unajua hii vitu. Programu inaweza kubadilisha namba?"

Nikasema, "Hapana, daktari. Inatuma kile imeandikiwa."

Wakati ule sikuwa na hakika kwamba nadanganya, na sikuwa na hakika kwamba nasema kweli. Ningeweza kusema sijui. Ningeweza kusema nipe mpaka kesho niangalie. Ni maneno machache tu. Biira alinitazama, na hakuwa na hasira bado. Aliniuliza kama mtu anayemkumbusha mwenzake kitu alichosahau: "Dada, na yule mzee wa mimba?"

Nikajibu, "Ile ilikuwa makosa ya kuandika."

Basi. Nikimaanisha kuandika kwake. Alivua koti jeupe pale pale, akalikunja, akaliweka kwenye kiti, akatoka. Hakuna aliyemfukuza kwa mdomo. Barua ya kumwachisha kazi ilimfuata baada ya siku mbili.

Jioni hiyo hiyo nilijifungia na kompyuta mbili. Nikatayarisha majibu ishirini ya uongo, nikaanza kuyatuma, na lilipofika la tatu nikachomoa waya wa mtandao. Nikangoja kidogo, nikaurudisha. Majibu yote baada ya lile la tatu yalifika yamesogea nafasi moja. Nilirudia mara nne. Sijui nilitumaini nini mara ya nne.

Kisha nikafanya jambo ambalo naona aibu kuliandika kuliko mengine yote. Nikairekebisha programu kimya kimya. Nikarudi kwenye amri ya hadharani, kila jibu na namba yake, nikafuta ile ya kistari, nikaenda nyumbani kupika. Nilijua aliyekosea ni mimi. Nilijua Biira yuko kwao milimani na jina la muuaji. Na nilinyamaza siku kumi na tisa.

Usifikiri siku hizo nilikuwa nalia. Nilikwenda kazini, nilisalimia watu, nilinunua nyanya. Jioni moja uliniletea daftari lako la hesabu nikague, nikatia vyema mpaka chini bila kusoma, na kesho yake mwalimu akakukosesha karibu zote. Ukaniuliza, "Mama, si uliangalia?" Nilikupiga kofi, Masika. Unalikumbuka? Lilikuwa kofi pekee nililowahi kukupiga, na halikuwa lako.

Aliyenitoa kwenye ukimya ni baba yako, na hakujua. Jumapili alirudi kutoka kwa Muhindo, alikokwenda na watu wa kanisa kumfariji. Aliweka kofia mezani, hakugusa chakula.

"Muhindo hanyamazi," akasema. "Anasema ule binti wa maabara ndiye aliua muke wake. Ndugu zake banauliza kwao ni wapi. Banataka kupanda huko mulima."

"Kufanya nini?"

Baba yako alikimbia Butembo akiwa kijana, anajua watu wakipanda mlima wanapanda kufanya nini.

Nikamwambia yote, nimesimama karibu na jiko, kwa maneno yanayogongana. Hakuelewa maktaba wala foleni. Alielewa siku kumi na tisa. Aliichukua kofia yake mezani, akasema, "Vaa viatu."

"Sasa hivi?"

"Ndugu zake beko banakunywa tayari. Vaa viatu, Mama Masika."

Tulikuacha kwa jirani, tukapanda pikipiki mpaka Bwera. Muhindo alikuwa amekaa mbele ya nyumba yake na ndugu zake watatu. Kichanga kilikuwa ndani na bibi yake, kinasikika. Nilijaribu kueleza, nikajikanyaga, na Muhindo akamgeukia baba yako. "Paluku, bibi yako anasema nini? Mimi sisikii."

Baba yako akasema, "Anasema ni yeye. Si ule binti. Ni yeye."

Ndugu mmoja aliinuka. Muhindo akamshika mkono, akamkalisha. Kisha akaniuliza maswali kwa utulivu, kama mtu anayetaka kuelewa bei ya kitu.

"Wale benye kutengeneza hiyo kitu, walikuandikia usiguse?"

"Ndiyo."

"Na ulisoma?"

"Nilisoma."

"Uligusa juu ya nini?"

"Juu ya haraka. Wamama walikuwa wanangoja sana."

"Kavira hakukuwa na haraka," akasema. "Tangu asubuhi alikuwa amekala pale na chakula yake. Alikuwa na mutoto wa jirani anasukia nywele. Alinipigia simu, anacheka. Nani alikuwa na haraka?"

Nilikuwa nimezoea kusema nilifanya kwa ajili yao. Pale mbele yake niliona wazi kwamba nusu ya haraka ile ilikuwa yangu, ya kutaka kuombewa kwa jina. Muhindo alituambia tuondoke kabla ndugu zake hawajabadili mawazo. Hakunisamehe siku ile na hajanisamehe mpaka leo. Binti yake amekua, namwona siku za soko. Hanijui. Ana shingo ndefu ya mama yake, watu wanasema. Mimi Kavira sikuwahi kumwona hata mara moja.

Kesho yake nilikwenda kwa daktari. Alinisikiliza mpaka mwisho, akafunga mlango. "Sasa unataka nini? Unataka nifunge kliniki? Yule binti alishaenda. Mambo yametulia." Nikasema watu walikuwa karibu kumuua. Akasema, "Lakini hawakumuua." Basi nikaenda polisi mwenyewe na karatasi niliyoandika. Afande aliyekuwa zamu alisoma mistari mitatu, akainua macho. "Mama, hapa tunaandika mutu amepiga mutu, ama ameiba. Hii programu ni nani?" Nikamwambia programu ni mimi. Aliandika hivyo, nikatia sahihi. Hakuna aliyeniita tena. Nilingoja kuitwa karibu mwaka mzima, na kutoitwa kulikuwa adhabu ambayo sikuitegemea, maana hakuna aliyeniambia imekwisha.

Nikaandika pia kwa wenye maktaba. Nilitaka, nadhani, waniambie kwamba na wao walikosea. Mmoja wao alinijibu kwa upole sana. Alisema anasikitika. Alisema amri kama ile ya ndani walikuwa hawaihakikishii mtu chochote, lakini haja yangu ilikuwa ya kweli, na kama ningewaandikia mapema wangetengeneza amri ya hadharani ya kutuma majibu mengi pamoja na namba zake. Na kweli waliitengeneza. Iliwachukua wiki mbili. Mwaka mzima niliiba kitu ambacho kilikuwa kinapatikana kwa kuomba.

Kwa hiyo, hiyo kazi yako ya Alhamisi. Sitakuambia ifute. Wewe ni mtu mzima na ni fundi kuliko nilivyokuwa. Ila wakati unaisoma barua hii, ifungue, utazame ile amri, ujiulize nani mwingine anajua kwamba umeiita. Waandikie wenye maktaba uwaambie unachohitaji. Wakichelewa na ukalazimika, basi iandike wazi mahali mwenzako ataiona, ulizuie toleo jipya lisiingie mpaka umelijaribu, na ulijaribu kwenye mtandao mbovu kama wa Bwera, uchomoe waya kwa mkono wako. Na jibu la mtu lisitengane na namba yake hata hatua moja. Ukiona kitu cha kuchekesha kwenye orodha ya wagonjwa, cheka, halafu angalia mstari wa juu na wa chini.

Na ukiulizwa mbele ya watu kama programu yako inaweza kukosea, sema sijui. Hilo ndilo ninalokuomba kuliko yote. Kosa la kwanza liliniacha na maiti moja, na ningeweza kusema sikukusudia. Lile neno "hapana, daktari" nililikusudia.

Bado sijakuambia habari ya Biira.

Nilimtafuta. Alikuwa amehama kwao, na ilinichukua muda mpaka nikasikia yuko Katunguru, kwa dada yake, anauza samaki karibu na daraja. Nilikwenda peke yangu. Nilimkuta ameinama juu ya beseni, anapaa magamba, mikono yake ile ya chupa na vioo imejaa damu ya samaki. Alinitambua kabla sijasema neno. Hakuacha kazi.

Nilimwambia kila kitu. Nilimwambia daktari amekubali kumwandikia barua ya kumsafisha, maana hilo nilikuwa nimemng'ang'ania mpaka akachoka. Nikaiweka barua kwenye ukuta mdogo karibu naye. Hakuitazama.

"Siku ile," akasema, "wewe ulikuwa unajua?"

"Siku ile sikuwa na hakika. Jioni nilijua."

"Jioni."

"Ndiyo."

"Na mimi nilikaa kwa mama yangu nikihesabu chupa. Kila siku. Moja, mbili, tatu. Nilikuwa nasema labda kweli niliandika vibaya. Nilianza kukumbuka nikiandika kumi na mbili. Nilikuwa naona mukono wangu inaandika." Hapo ndipo aliacha kisu. "Hiyo ndiyo ulinifanyia, dada. Kazi nitapata. Lakini sasa sijiamini nikiandika hata bei ya samaki."

Nikamwomba arudi maabara. Akakataa. Nikamuuliza nimfanyie nini. Alinawa mikono kwanza, taratibu, kama alivyokuwa ananawa zamani kabla ya kushika chupa.

"Ule mutoto wako wa kuteguka mguu," akasema, "anapenda kompyuta?"

"Anapenda."

"Basi siku akienda kufanya hiyo kazi yako, umuambie jina yangu. Si ya yule aliyekufa tu. Ile watu wanakumbuka. Yangu pia. Umuambie kulikuwa na mutu aliandika sita."

Jina lake ni Biira, Masika. Aliandika sita.

Mama yako